Nani Aitike Yowe?

Katika vijiji vya milima ya Tarime, na kuteremka hadi bonde la Mto Mara na upande wa Serengeti, ipo sheria ambayo haikupitishwa na bunge lolote. Usiku, ng'ombe wanapotolewa zizini na wezi, mwenye mji hupiga yowe. Alisikiaye hulipokea akalipeleka kwa jirani, na jirani naye kwa jirani yake, mpaka kilima kizima kimeamka. Mwanamume mwenye nguvu zake akilisikia kisha akajifunika shuka, kesho yake hana la kusema mbele ya wenzake. Yowe haliombi, huamuru; na huamuru bila ya kueleza. Ndani yake mna mambo matatu tu: hatari ipo, iko upande huu, njoo. Mengine yote huulizwa njiani.

Sheria hii inasimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni ukweli wa mwitaji. Mwenye kupiga yowe la uongo huiba kitu kikubwa kuliko ng'ombe, kwani huiba imani, na imani ikishatoka zizini haina alama ya kuifuatia. Nguzo ya pili ni uitikio wa msikiaji. Sauti ikitoka kwa ukweli na isipate wa kuiitika, basi mwitaji amekufa mara mbili: mara moja kwa mkono wa adui na mara ya pili kwa kimya cha jirani. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Walichokiacha kwa wajukuu ni swali linalofuata: jambo likiwapo, linamhusu nani?

Swali hilo ni la kale, lakini limepata sura mpya katika zama za mitambo. Je, mtu aweza kufundishwa kuita na kuitika katika hatari isiyokuwapo, kisha akawa mwaminifu siku hatari itakapokuja kweli? Kwa maneno mengine, mchezo waweza kuzaa adili?

Waliolijaribu swali hili kwa gharama kubwa zaidi hawakuwa washairi wala wanafalsafa, walikuwa askari. Mwaka 1983 wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, uitwao DARPA, ulianza mradi uliopewa jina la SIMNET. Aliyeubuni alikuwa ofisa wa jeshi la anga la nchi hiyo, Jack Thorpe. Badala ya kujenga chombo kimoja cha thamani kubwa chenye kuiga kila kitu cha kifaru, wenye mradi walijenga vibanda vingi vya bei nafuu, wakaviunganisha kwa mtandao wa kompyuta. Katika kila kibanda waliingia watu wanne, kama walivyo katika kifaru cha M1 chenyewe: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji na dereva. Katika vitundu vya kuchungulia waliiona nchi iliyochorwa na kompyuta, na katika nchi hiyo waliviona vifaru vya wenzao waliokaa katika vibanda vingine, pengine katika kambi nyingine kabisa. Fort Knox, katika jimbo la Kentucky, ilikuwa mojawapo ya makao makuu ya mazoezi hayo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vibanda zaidi ya 200 vilikuwa mikononi mwa jeshi.

Katika vibanda hivyo ardhi ilikuwa ya kuigiza, moshi wa kuigiza, mizinga ya kuigiza, na hata kifo kilikuwa cha kuigiza. Kitu kimoja hakikuigizwa, nacho ni sauti. Aliyesema redioni alikuwa mtu kweli, akimwambia mtu kweli, akiwa na haraka ya kweli na jasho la kweli usoni. Ndiyo maana watafiti wa jeshi hilo waliyarekodi mazungumzo ya redio wakayachambua kama mhakiki achambuavyo utenzi: nani amesema, amemwambia nani, wakati gani, ametoa taarifa au ameomba taarifa, amerudia au hakurudia, na maneno yake yamechukua muda gani. Walijua kwamba kikosi cha vifaru hakiongozwi kwa macho. Kamanda aliyefungiwa ndani ya chuma huona kipande kidogo cha dunia, na sehemu iliyobaki huijua kwa kuambiwa. Asipoambiwa, au akiambiwa uongo, au akiambiwa kwa kuchelewa, chuma chake chote ni jeneza.

Hapo ndipo linapozuka pingamizi la kwanza, nalo si dogo. Mwenye akili atasema kuwa mazoezi hayo ni uongo juu ya uongo. Mtu ambaye kifaru chake kimepigwa katika mchezo hutoka kibandani, akanywa chai, akarudi. Atawezaje kujifunza ukweli wa sauti mahali ambapo uongo hauna adhabu na woga hauna sababu? Mtoto aliyejifunza kuogelea juu ya mkeka hajajifunza kuogelea.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini watu wa visiwani wana jibu lake, tena wamekuwa nalo tangu kabla ya kompyuta. Kila mwaka, mnamo mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi kusini mwa Unguja huuadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mapande ya migomba, wanawake huimba, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mapande hayo huuma, lakini hayaui. Aliyekuwa na kinyongo na mwenziwe hukitoa hapo, mchana kweupe, mbele ya watu, na ikiisha imekwisha. Hapana mtu wa Makunduchi anayesema kuwa vita vile ni uongo. Ni mwigo, na mwigo hauwi uongo mpaka anayeuangalia adanganywe kuwa si mwigo.

Washairi nao wanalijua jambo hili kwa njia yao. Majibizano ya mashairi ni vita vya maneno vyenye sheria zake. Anayejibu hufungwa na bahari ya aliyemwanza, vina kwa vina na mizani kwa mizani. Akivunja mizani ameshindwa hata kama hoja yake ina nguvu. Katika kubanwa huko hufunzwa kusikiliza, kwani hawezi kujibu kwa kufuata mizani ya mwenzake asiyemsikia. Wenye SIMNET nao waliifuata kanuni ya namna hiyo: hawakuiga kila kitu, waliiga kile tu ambacho kazi ilikihitaji, vingine wakaviacha. Mshairi afanyavyo ni hivyo hivyo. Haleti bahari nzima katika ubeti. Huleta wimbi moja, na msomaji akaloa.

Basi likubalike kwamba mwigo waweza kufundisha. Lililobaki ni kujua unafundisha nini na unaacha nini. Kwa hili haifai kubaki Kentucky. Afrika ya Mashariki ina vita vyake vya vifaru na redio, tena ndani yake mna watu wa Mara.

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Katika siku za mwanzo za vita hivyo, kabla jeshi la Tanzania halijajipanga, ndege za kivita za Tanzania ziliangushwa na askari wa Tanzania wenyewe upande wa Musoma. Marubani wale hawakuuawa na chuki ya mtu. Waliuawa na pengo lililokuwa kati ya aliyejua kuwa ni wenzao na aliyekuwa na kidole juu ya silaha. Neno moja, "wetu", lililofika kwa wakati, lingewarudisha nyumbani. Yeyote anayeona kuwa kuhesabu maneno ya redio ni kazi ya watu wasio na kazi, na akumbuke mawingu ya Musoma.

Miezi minne baadaye, tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya Tanzania ilikuwa Lukaya, mji mdogo uliopo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, pale ambapo barabara hupita katikati ya kinamasi kikubwa. Wengi wa askari wake walikuwa wanamgambo, raia wa juzi, na vita vikubwa walikuwa hawajavionja. Mbele yao ilitokea safu ya askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin, wakiwa na vifaru 15 vya T-55, magari ya deraya na mitambo ya makombora ya Katyusha. Makombora yalipofyatuliwa, yalipita juu ya vichwa vya Watanzania yakaangukia mbali. Hata hivyo mlio wake ulitosha. Brigedi ikavunjika, watu wakakimbia.

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa utulivu na bila kumcheka mtu. Mwanamgambo wa Lukaya hakukimbia chuma, kwa sababu chuma hakikumgusa. Alikimbia sauti. Masikio yake yalikuwa hayajawahi kufundishwa kuutofautisha mlio wa kombora lililokosa na mlio wa kombora lililopata. Lau angeusikia mlio ule mara kumi katika mazoezi, pengine mara ya kumi na moja angebaki mahali pake. Hapa mwigo una haki yake yote: unaipunguzia sauti ile ugeni, na ugeni ni nusu ya hofu.

Kilichofuata ndicho kilichoamua vita. Divisheni ya 20 iliongozwa na David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeingia katika jeshi la King's African Rifles mwaka 1942 na aliyefariki dunia Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Brigedi ya 208, ambayo ilikuwa kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lukaya, iliamriwa igeuke, iingie barabara ya Kampala na kumpiga adui kutoka nyuma. Amri ya namna hiyo, usiku, ng'ambo ya kinamasi, haina mguu wa kuibeba isipokuwa simu ya upepo. Brigedi ya 208 iliongozwa na Brigedia Mwita Marwa, jina la Kikurya kwa pande zake zote mbili. Ikaitika. Alfajiri ya tarehe 11 ilikuwa mahali pake, na Brigedi ya 201 iliyokusanywa upya ikarudi kwa upande wa mbele. Inakadiriwa kuwa Walibya 200 walikufa na askari wa Uganda kama idadi hiyo. Watanzania waliokufa ni 8. Barabara ya Kampala ikawa wazi, na mwezi uliofuata mji ukaanguka.

Mtu wa Tarime akiisikia habari hii hana haja ya kufasiriwa. Yowe limepigwa kinamasini, limepokewa kilomita 60, na waliolisikia wametoka. Ni sheria ile ile ya zizini, iliyopewa betri na nyaya. Kwa upande huu sauti ya vita na sauti ya kijiji ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini upo upande mwingine, na humo ndimo mwenye fikra anapopaswa kukaa zaidi. Katika vita vile askari wa Tanzania alisema Kiswahili redioni. Askari wa Uganda naye alisema Kiswahili. Majeshi yote mawili yalikuwa yamezaliwa na King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo amri zake zilipita kwa Kiswahili. Amin mwenyewe aliingia humo mwaka 1946, miaka minne baada ya Musuguri, na mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Hivyo, mtu aliyeigeuza redio yake mpaka kwenye masafa ya adui hakukuta kelele. Alikuta mtu. Lau adui huyo aliita, "tunakufa, njooni," hakuhitaji mkalimani. Hata Mlibya, ambaye Kiswahili hakukijua, lau alimlilia Mola wake kwa Kiarabu katika matope ya Lukaya, wapo wana wa pwani katika jeshi la Tanzania ambao wangekijua kilio kile kabla ya kuijua sura ya mliaji. Ni maneno waliyofunzwa chuoni wakiwa wadogo.

Je, yowe la namna hiyo linamwamuru nani? Sheria ya kijiji inasema asikiaye aitike. Sheria ya vita inasema asikiaye apime masafa, apige hapo hapo sauti inapotoka. Masikio ni yale yale, maneno ni yale yale, lugha ni ile ile. Uamuzi umegeuka kichwa chini miguu juu. Hili ndilo ambalo vibanda vya Fort Knox havikuweza kulifundisha. Humo adui alikuwa kifaru kilichochorwa, kikipigwa hutoa moshi. Rekodi za watafiti zilijaa sauti za upande mmoja. Askari alifundishwa kusema kwa ufupi, kwa wakati na kwa ukweli, na hayo ni mafunzo mema. Hakufundishwa afanye nini siku atakapomsikia mtu upande wa pili wa moshi.

Baada ya vita vya Ghuba jambo hili lilikuja kwa namna iliyo wazi zaidi. Tarehe 26 Februari 1991 vifaru vya Marekani vilikutana na vya Iraq katika jangwa, mahali palipopewa jina la 73 Easting. Pigano hilo lilijengwa upya baadaye ndani ya kompyuta. Waliohusika walihojiwa, alama za magari mchangani zikapimwa, kanda za sauti zikasikilizwa, mpaka kila kifaru kikarudishwa mahali pake kwa dakika yake. Ikawezekana kuyaangalia mapigano yale tena na tena, kutoka juu kama mwewe au kutoka chini kama chungu. Ni elimu kubwa. Lakini Muiraki aliyeungua hakuhojiwa. Katika vita vilivyohifadhiwa kwa uaminifu kuliko vingine vyote vya zama hizo, nusu ya waliokuwamo ni mabubu.

Pengine mtu atasema kuwa hilo si kosa la mwigo, ni kosa la vita, na askari anayesimama kumwonea huruma adui katikati ya moto atawafanya wenzake mayatima. Kweli tupu. Hakuna mwenye haki ya kumtaka mwanamgambo wa Lukaya afanye falsafa huku makombora yakipita. Walakini falsafa ambayo haiwezi kufanywa vitani lazima ifanywe kabla au baada yake, na isipofanywa, matokeo yake huja nyumbani kwa miguu.

Kwa Tarime yalikuja hivyo. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe kwa Wakurya, ameeleza jinsi bunduki zilivyoingia katika wizi huo baada ya vita vya Uganda, zikiletwa na baadhi ya askari waliorudi, na jinsi wizi wa kale wa mishale na mikuki ulivyogeuka kuwa biashara ya kuua. Ujuzi wa vita ulirudi pamoja na silaha zake: kuvizia, kugawana pande, kuitana kwa ishara fupi gizani. Wezi nao wakawa na nidhamu ya sauti. Walijibizana vizuri, waliitikiana kwa wakati, hawakudanganyana wao kwa wao. Kwa kipimo cha mtafiti wa kibandani, kikosi chao kingepata alama za juu. Na mwenye zizi alipopiga yowe, jirani alisita, kwa kuwa sasa kulitikia yowe kulikuwa kukabili risasi.

Hapo ndipo inapodhihiri kuwa ustadi wa kuita na kuitika, ukitengwa na swali la nani aitikwe, ni kisu kisicho na mpini: hukata kila mkono unaokishika. Ukweli wa kundi moja ndani ya kundi lake hautoshi kuitwa ukweli. Wezi wa ng'ombe ni wakweli baina yao. Koo za Wakurya zilizowahi kupigana kwa ajili ya mipaka ya ardhi hazikukosa uitikio. Kila ukoo uliliitikia yowe lake barabara, na ndiyo sababu maiti walikuwa wengi. Kilichokosekana ni sikio lenye kuvuka mto.

Nao watu wa huko wamelijua hilo bila ya kuambiwa na mgeni. Wazee wanapokutana kusuluhisha koo, kazi yao ya kwanza huwa ni kuufanya upande mmoja uusikie upande wa pili ukieleza msiba wake mpaka mwisho, bila ya kukatizwa. Wapenda ushairi wataitambua kanuni hiyo. Ni ile ile ya majibizano: usijibu mpaka umeipokea mizani ya mwenzako. Na sungusungu, walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaenea mpaka Ukurya, pamoja na makosa yao yote, walifanikiwa pale tu walipoweza kulifanya yowe la mji mmoja liwe la miji mingi.

Leo simu ya mkononi imechukua sehemu ya kazi ya yowe, na michezo ya vita vya vifaru, ambayo zamani ilihitaji bajeti ya dola kuu, inachezwa na vijana mijini kwa mtandao, wakiitana kwa vipaza sauti vilivyo masikioni. Wanajifunza mengi humo, na si haki kuwalaumu kwa kucheza. Babu zao nao walicheza. Mwenye kuwalea anaweza kuwauliza jambo moja tu: katika mchezo huo, adui ana sauti? Kama hana, basi wamejifunza nusu ya somo, na nusu iliyobaki haimo ndani ya mtambo. Imo mezani, barazani, katika ubeti uliojibiwa kwa heshima, na katika lile pande la mgomba linaloangushwa chini jua linapozama Makunduchi, aliyepiga na aliyepigwa wakapeana mikono.

Usiku Tarime, yowe likipanda kutoka bondeni, msikiaji hulala macho kwa dakika moja kabla ya kuinuka. Katika dakika hiyo hasikii sauti tu. Anatafuta pia ni ya nani. Hapana mazoezi yaliyopata kuiondoa dakika hiyo, wala haifai iondolewe. Ndani yake mtu huamua jirani yake anaishia wapi.